UZI: Kulala kwenye kituo cha utafiti katikati ya msitu wa mvua, mambo ambayo barua ya mwaliko haikuambii

Mpasua_Vichaka (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila akijitokeza mtu humu na kusema amepata nafasi ya kujitolea au kukusanya data za shahada kwenye kituo cha wanyamapori msituni, maswali ni yale yale. Nyoka wapo? Chui je? Kuna mmoja aliuliza simba, kwenye msitu wa mvua, haya. Sijaona hata mmoja akiuliza godoro linakaushwaje.

Nimeishi kwenye vituo vya aina hii kwa vipindi virefu, vingine vizuri, vingine Mungu anajua. Nimeona bora niandike mahali pamoja. Msimamo wangu nauweka mapema ili wa kubishana tuanze mapema: wanyama hawatakusumbua sana. Utakaopambana nao ni unyevu na ratiba za watu wengine. Ukivimudu hivyo viwili, mengine yanavumilika.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Vituo havilingani. Barro Colorado kule Panama ni kilima kilichogeuka kisiwa Mto Chagres ulipozuiwa kutengeneza Ziwa Gatun kwa ajili ya mfereji. Ni hifadhi tangu 1923 na leo iko chini ya Smithsonian, taasisi ya utafiti ya Marekani, ina maabara na mabweni ya maana. La Selva ya Kosta Rika nayo imejengeka. Danum Valley kule Sabah, Malaysia, kituo kipo tangu 1986. Huko unaweza kupata feni na ukajisahau. Mimi nazungumzia zaidi vile vidogo: nyumba ya mbao au ya bati yenye vyumba vichache, vitanda vya dabo deka, choo cha shimo hatua kadhaa kutoka mlangoni, maji ya tangi la mvua au ya kijito, umeme wa sola unaogombewa.

UNYEVU. La Selva hupata karibu mita 4 za mvua kwa mwaka. Lakini hata mahali penye mvua chache kuliko hapo, chini ya miti hewa haikauki. Jua halifiki, upepo haupiti. Nguo uliyofua leo utaikuta kesho iko vile vile, kesho kutwa imeanza kunuka, na baada ya hapo inatoa madoadoa meusi. Mkanda wa ngozi unaota kuvu ya kijani. Kurasa za daftari zinalegea mpaka kalamu ya wino inachana karatasi, ndiyo maana wazoefu wote utawakuta na penseli.

Dawa yake ni kugawa vitu vyako katika makundi mawili na kuyaheshimu. Kuna nguo za kulowa na nguo za kulalia. Za kulowa zitalowa kila siku, asubuhi unazivaa zikiwa bado mbichi na baridi, unakunja sura, unatoka. Za kulalia haziguswi na mvua hata kwa bahati mbaya, zinakaa kwenye mfuko usiopitisha maji uliofungwa mdomo. Mgeni hukosea siku ya pili au ya tatu: nguo za kazi zimelowa, anaona uvivu kuzirudia, anavaa zile kavu kwenda msituni. Jioni anarudi hana chochote kikavu. Hapo ndipo watu wanapoanza kuulizia gari la kurudi mjini.

Kamera na darubini: kuvu huota ndani ya lenzi kama utando wa buibui na ikishakula kioo hairudi ilivyokuwa. Tafuta ndoo au boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, tia vile vipakiti vyenye chembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na simu, vingi, na mara kwa mara vikaushe juu ya jiko vifanye kazi tena. Mchele hausaidii kitu, msidanganyane. Vituo vyenye umeme wa uhakika huwa na kabati lenye balbu inayowaka muda wote ndani yake. Ukilikuta, omba nafasi siku hiyo hiyo ya kwanza, maana hujaa.

RATIBA. Watu wa sokwe huondoka giza halijapasuka, kwa sababu sokwe hujenga kiota kipya cha kulala karibu kila jioni na ukichelewa kufika chini ya kiota alfajiri umempoteza mtu wako kwa siku nzima. Watu wa ndege hufungua nyavu kunapopambazuka. Watu wa popo wanatoka wenzao wakienda kulala, wanarudi usiku wa manane, na saa nne asubuhi ndio usingizi wao umekolea. Wote hao mko bweni moja lenye kuta za mbao nyembamba. Kwa hiyo begi lako lipange usiku, zile zipu na mifuko ya nailoni ya kukwaruza saa kumi alfajiri zitakupa maadui. Tochi ya kichwani iwe na taa nyekundu.

Naendelea kidogo kidogo, karibuni kwa maswali.

Kiti_cha_Mbele

Nimekaa mkao wa kula. Mkuu uzi bila picha lakini?

Mpasua_Vichaka

Picha nyingi zina utando wa kuvu katikati, ndicho nilichokuwa naeleza hapo juu.

Binti_Maabara

Asante kaka kwa uzi. Mimi nimepangiwa kituo chenye sokwe. Wameniandikia nipeleke vyeti vya chanjo, kipimo cha kifua kikuu, na kwamba nikifika na mafua sitaruhusiwa kuingia msituni, tena kuna siku kadhaa za kukaa pembeni kwanza. Nimeshangaa kidogo. Si mimi ndiye wa kuogopa magonjwa ya wanyama?

Daktari_wa_Porini

Binti_Maabara, mdogo wangu, hili acha nilijibu mimi kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Njia ni ya pande mbili na upande wa kutoka kwetu kwenda kwao ni mbaya kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2013 kundi la sokwe la Kanyawara, Kibale, Uganda, lilipatwa na homa ya mfumo wa hewa. Kundi lilikuwa na sokwe 56, wakafa 5. Vipimo vilikuja kuonyesha ni rhinovirusi C, yaani virusi vya jamii ile ile inayoleta mafua ya kawaida kwa watoto wetu. Kule Taï, Ivory Coast, sokwe walikufa kwa milipuko kadhaa kati ya 1999 na 2006, na uchunguzi uliochapishwa 2008 ukaonyesha virusi vilitoka kwa binadamu. Hao ni wanyama waliozoeshwa kwa miaka mingi wasiogope watu, kwa hiyo tunawasogelea, na tunawasogelea na makohozi yetu.

Ndiyo maana barakoa, ndiyo maana umbali wa mita 7 au 10 kutegemea kituo, ndiyo maana hutakiwi kutema mate njiani, na haja kubwa msituni unafukia kwa kina au unabeba. Ukiamka na kikohozi sema. Unabaki kambini, unaingiza data kwenye kompyuta, hakuna atakayekucheka. Anayenyamaza ili asikose siku ya kazi ndiye hatumtaki.

Kwa upande wako wewe: chanjo ya homa ya manjano, pepopunda, na kichaa cha mbwa kama utashika popo au wanyama wadogo. Dawa za kuzuia malaria jadiliana na daktari mapema, maana nyingine, kama doksisaiklini, unaanza siku moja au mbili kabla na unaendelea wiki 4 baada ya kutoka. Wengi huacha wakishafika nyumbani, halafu malaria inawakuta sebuleni.

Na mapango. Kama kuna pango la popo karibu na kituo, usiingie kwa udadisi. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alitembelea pango la popo katika msitu wa Maramagambo, Uganda, akarudi kwao na kufa kwa Marburg, homa kali ya virusi vinavyobebwa na popo.

Binti_Maabara

Nimeelewa daktari, shikamoo na asante. Kipimo nakifanya wiki hii.

Perere_wa_Usiku

Mleta uzi umesema wanyama hawasumbui. Napinga. Siafu je?

Mpasua_Vichaka

Mkuu hapo umenishika. Siafu ni jambo jingine.

Kwa ambao hawajakutana nao nyumbani mwao: unaanza kusikia, huoni. Mende wanatoka kwenye dari na kuangukia sakafuni kimya kimya, panya wanakimbia juu ya bati, buibui wanashuka ukutani kwa haraka isiyo ya kawaida. Dakika chache baadaye utaona kamba nyeusi inapita chini ya mlango, inagawanyika, inapanda miguu ya vitanda. Mamilioni yao. Usihangaike kupiga dawa. Chukua tochi, gambuti, kitu cha kujifunika, waamshe walio karibu nawe, tokeni. Wataikagua nyumba nzima, kila ufa, na saa kadhaa baadaye wameshahama. Utarudi kukuta hakuna mende hata mmoja, kazi ambayo usingeimaliza mwenyewe kwa mwezi.

Wawili wa kuhakikisha wametoka: mtu mgonjwa asiyeweza kuinuka, na mnyama yeyote aliyefungwa kwenye tundu la utafiti. Hawa hawawezi kujiokoa.

Njia_ya_Utepe

Mimi ni msaidizi wa uwanjani, yule mnayemwita "kijana wa kituo" ingawa nina wajukuu. Naomba niongezee upande wetu.

Wageni wanakuja wamesoma sana na msitu hawaujui, na hilo si kosa. Tatizo ni kutouliza. Utepe ule wa rangi uliofungwa kwenye matawi si uchafu. Ni alama ya mtu, pengine amekuwa akipima mti huo tangu wewe uko shule ya msingi. Msiuondoe, wala msiufunge wenu wa rangi ile ile. Vijiti vilivyochomekwa chini kwa mistari, usikatize katikati, zunguka. Kamera iliyofungwa kwenye mti usiisogeze ili kupiga picha yako mwenyewe ukitabasamu, tunaziona zote mwisho wa mwezi. Na mbegu za matunda unayokula msizitupe msituni, zinaota, halafu mtu anaandika kwamba amegundua mti usiokuwepo hapo.

Jambo la pili ni miti. Mnaogopa nyoka, sisi tunaogopa matawi. Mvua kubwa ikipiga siku mbili mfululizo udongo unalegea, mti uliobeba mizigo ya mimea juu unakuwa mzito, unakwenda chini bila upepo. Ukisikia mlio kama wa kitambaa kinachochanika juu, usitazame juu ukasimama, ondoka pale kwanza. Ukipewa nafasi ya kupiga hema, inua macho uangalie kama kuna tawi bovu hapo juu kabla hujaangalia kama ardhi ni tambarare.

Nyoka wapo, sisemi hawapo. Gambuti na tochi vinatosha kwa siku nyingi. Usiende chooni usiku na kandambili huku unaangalia simu.

Mpasua_Vichaka

Mzee wangu shikamoo. Hayo ya matawi ilipaswa yawe juu kabisa ya uzi.

Kiti_cha_Mbele

Choo sasa. Tuelezeni choo, msitufiche.

Dada_wa_Mbega

Haha, hili nalichukua mimi kwa niaba ya wanawake wote tunaolala huko.

Choo cha shimo kikitunzwa vizuri hakina tatizo, tatizo ni usiku na mvua. Jifunze njia yake mchana, hesabu ngazi. Uliza kabla kama karatasi za chooni na pedi zinaingia shimoni au zinachomwa, kila kituo kina utaratibu wake, na shimo likijaa msituni hakuna gari la kuja kunyonya. Kikombe cha hedhi kimewaokoa wengi wetu, ila ujizoeshe nyumbani kwanza, msitu si mahali pa kujaribia.

Kuoga ni ndoo. Kwenye misitu ya milimani maji ni baridi ya kukata pumzi. Kibale kwa mfano, Kanyawara iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na watu hufika na mashuka mepesi wakidhani ikweta maana yake ni joto. Chukua sweta. Oga mapema alasiri kabla jua halijazama na kabla mbu hawajaanza zamu.

Halafu nguo. Kuna nzi, kwa upande wa Afrika, anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje. Ukivaa, funza wanaanguliwa na kuingia kwenye ngozi, unapata majipu yanayopumua, kila jipu na mwenyewe ndani. Huzibwa kwa mafuta mazito ya kujipaka, akikosa hewa anajitokeza, anakamuliwa. Kinga ni pasi ya moto kwenye kila nguo, hasa mishono ya chupi na sidiria. Mahali ambapo hakuna pasi anika ndani, chini ya paa, kwenye wavu. Nimewaona maprofesa wakipiga pasi soksi kwa makini, na mara ya kwanza nilidhani ni ulimbwende.

Usiku wa kwanza utasikia kama mtu ananyongwa juu ya mti. Sauti inaanza taratibu kama mlango mbovu, inapanda, inapanda, inaishia kwenye ukelele. Ni perere, mnyama wa saizi ya sungura. Usimwamshe meneja.

Perere_wa_Usiku

Nimesikia nikitajwa.

Mashariki_ya_Mbali

Mimi nilikaa upande wa Borneo. Kule siafu kama hawa hawapo, kuna ruba. Wanaishi nchi kavu, kwenye majani na ardhini, wanasimama kwa mkia na kuinua kichwa wakikunusa. Wa kahawia wanakaa chini, wenye milia wanapanda majani ya kiunoni, kwa hiyo soksi ndefu za ruba zinazofungwa chini ya goti ni nusu ya ulinzi tu, shati nalo lichomekwe.

Akishakushika usimchome moto wala kummwagia chumvi, anaweza kutapika alichokunywa ndani ya kidonda. Pitisha ukucha chini ya mdomo, ule upande mwembamba, mbandue, mtupe. Damu itaendelea kutoka muda mrefu kwa sababu mate yake yanazuia kuganda. Inatisha kwa macho, haina maana. Shuka jeupe usichukue.

Na dawa za kujipaka za kufukuza wadudu zenye kemikali ya DEET zinayeyusha plastiki. Kamba ya saa, mpini wa kalamu, fremu ya miwani. Paka, futa viganja, ndipo ushike darubini.

Kijana_wa_Mtandao

Intaneti ipo? Nina kazi za pembeni za kila siku.

Mpasua_Vichaka

Mdogo wangu, chukulia haipo. Vituo vikubwa vinayo. Vidogo utakuta kuna jiwe au kichuguu fulani ambapo simu inashika, na jioni kuna foleni. Umeme ndio msumari wa pili: paneli za sola chini ya miti hazipati jua la kutosha, zinawekwa kwenye uwazi, na siku tatu za mawingu zinamaliza betri. Kuna utaratibu usioandikwa: vifaa vya kazi kwanza, GPS na redio za mawasiliano, halafu tochi, simu za starehe mwisho. Ukichomoa betri ya redio ya mtu uchaji simu yako utasikia habari zako hadi kituo cha jirani.

Kama una kazi ya kila siku ya mtandaoni, usiende. Sisemi kwa ubaya.

Mbishi_Halali

Mimi naona mnawatisha watu. Kuna vituo vina maji moto, kitanda kizuri, chakula unapikiwa. Na mtu anayelipa ada ya kituo ana haki ya kudai huduma.

Mpasua_Vichaka

Mkuu, vipo, nimevitaja mwanzo. Kuhusu haki ya kudai, nakubali nusu. Maji salama ya kunywa, chandarua kisicho na tundu, redio inayofanya kazi, mpango wa kumtoa mgonjwa: hivyo dai bila aibu, tena uliza kabla hujafika. Muulize mwenyeji wako maswali mawili tu. Hospitali ya karibu inachukua saa ngapi kufika mvua ikiwa imenyesha? Gari linalala kituoni au linaitwa? Akijibu kwa haraka na kwa uhakika, nenda. Akianza kuzungukazunguka, fikiria upya. Kituo kimoja nilichofikia hakikuwa na jibu la swali la pili, na mwenzetu alipovunjika kifundo cha mguu tulimbeba kwa machela ya magunia mpaka barabarani, usiku.

Lakini godoro jembamba, jikoni kurudia chakula kile kile kwa sababu hakuna friji, bafu la foleni, hayo si ya kudai. Mpishi na wafuatiliaji wanaishi humo humo mwaka mzima.

Daktari_wa_Porini

Naunga mkono. Niongeze kichekesho cha kweli: mtafiti mmoja wa magonjwa ya wanyama kutoka Chuo Kikuu cha Wisconsin alirudi Marekani kutoka Kibale na kupe ndani ya tundu la pua. Walichunguza picha za sokwe wachanga wakakuta nao wanao puani. Kwa hiyo ukirudi nyumbani ukahisi pua inawasha upande mmoja, chukua kioo.

Binti_Maabara

Daktari jamani! Sasa hivi najikuna.

Swali la mwisho kaka. Begi langu lina nafasi ndogo. Nikibakiwa na nafasi ya kitu kimoja, nibebe nini: gambuti za pili, au chandarua changu mwenyewe?

Njia_ya_Utepe

Binti yangu, gambuti jozi moja inatosha ukiziweka kichwa chini usiku, na asubuhi uzikung'ute kabla ya kuvaa. Chandarua chukua, kiwe kimetiwa dawa, na kamba ndefu ya kukifungia, kwa sababu misumari ya dari haijawahi kukaa juu ya kitanda chochote. Ukifika uliza Babu yuko wapi, watanionyesha kama ni kituo chetu.

Binti_Maabara

Kamba ya mita ngapi, babu?

Njia_ya_Utepe

Kumi. Utakayobakiza utaanikia soksi.